Chenji ya Mbuzi

Mwaka ule mahindi yalipopata ruhusa ya kwenda popote, Marsela wa Ayalabe alikosana na mtu ambaye hakuwahi kugombana naye hata siku moja, na kosa lake lilikuwa kumrudishia chenji.

Ayalabe ni kijiji cha wakulima, juu kidogo ya Karatu, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Marsela aliletwa hapo kutoka Mbulu mwanzoni mwa miaka ya sabini, bibi harusi wa Clemensi. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na tabia moja iliyomchosha mumewe: hakupata usingizi kama ndani mwake mlikuwa na kitu cha mtu. Akiazima chumvi asubuhi, jioni ameirudisha, na nyongeza kidogo juu. Padri alimsifu kanisani. Clemensi alisema mke wake angekuwa na uwezo angemlipa jogoo wa jirani kwa kumwamsha.

Rafiki yake alitoka upande wa pili wa msitu. Mwaka wa sabini na tano kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, na Wamasai waliokuwa wameanza kuzoea vishamba vyao vya mahindi wakabaki na mifugo na nyasi tu. Wanawake wakaanza kushuka na punda kutafuta nafaka kwa Wairaki, wakulima wa Karatu ambao wengi huwaita Wambulu. Nanyokie wa Oloirobi alikuwa mmoja wao. Aliingia uani kwa Marsela na mtoto mgongoni, akamkuta mwenye nyumba amempakata Lusia, kichanga wake wa kwanza, aliyelia mpaka sauti ikakauka. Maziwa ya mama yalikuwa hayatoshi. Nanyokie hakuuliza. Aliketi, akamchukua Lusia akamnyonyesha, na mwanawe mwenyewe akamwacha apige kelele kidogo. Alipoondoka, punda wake mmoja alikuwa na gunia la mahindi. Wiki iliyofuata alirudi na mbuzi wa maziwa, akamfunga kwenye nguzo ya banda.

“Huyu wa nini?” Marsela aliuliza.

“Wa mtoto.”

“Nikupe nini?”

Nanyokie alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la Kizungu. “Nikiwa na shida nitakuja kukwambia. Wewe ukiwa na shida utakuja kuniambia. Unataka nini tena?”

Wamasai wana jina la jambo hilo: osotua. Mwenye shida huomba, naye huomba kile tu kilichompungukia. Mwenye nacho hutoa, na hakuna anayeweka hesabu ya nani ametoa zaidi. Waliopeana mnyama kwa njia hiyo huacha hata kuitana kwa majina. Hao wawili, kwa kuwa walianza na mbuzi, waliitana Pakine. Marsela alijifunza kulitamka jina hilo vizuri. Ile sheria nyingine, ya kutohesabu, iliingia kwa shida zaidi, lakini iliingia.

Ilipita miaka kumi na zaidi namna hiyo, na haikuwa miaka myepesi. Bei ya mahindi ilipangwa na serikali, moja kwa nchi nzima, na mnunuzi alikuwa mmoja. Kulipeleka gunia nje ya wilaya kulitaka kibali. Mafuta yalipanda bei duniani, vita ikapiganwa Uganda, fedha za kigeni zikaisha, na dukani Karatu rafu zikabaki na viberiti na mwenye duka. Sabuni ikawa hadithi. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mgambo mmoja aliwakuta Marsela na Nanyokie wakifunga gunia juu ya punda nyuma ya nyumba.

“Mama, hii ni magendo,” alisema. “Umemuuzia bei gani?”

“Sijamuuzia.”

“Umempa bure? Mmasai?”

“Nimempa.”

“Wewe mama, mwaka huu kuna mtu anampa mtu kitu?”

Alizunguka punda, akabonyeza gunia, akatafuta kosa na asilipate, maana sheria ilimkataza mtu kuuza. Mwisho aliomba maji ya kunywa akaenda zake.

Lakini kitu kimoja kilikuwepo hata katika miaka hiyo, nacho ni mbolea ya chumvichumvi. Ilikuja na mpango wa mahindi wa taifa, ambao Benki ya Dunia ilisaidia kuugharimia. Bwana shamba aliishusha kwa mifuko, kwa bei iliyobebwa na ruzuku, akaonyesha namna ya kuitia kwa kizibo cha soda kwenye kila shimo. Mama yake Clemensi, aliyekulia kwenye nyumba ambayo ng'ombe walilala ndani na samadi ilibebwa shambani kwa vikapu, aliionja kwa ulimi akatema. Mahindi yalipoota, alinyamaza. Yalikuwa meusi kwa ukijani. Clemensi akaongeza shamba, akapunguza ng'ombe, na vikapu vya samadi vikawa viota vya kuku.

Mwezi wa nane mwaka wa themanini na sita, redio ilitangaza kwamba baada ya mvutano wa miaka mingi Tanzania imekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mkopo utatolewa, kwa masharti. Shilingi ishushwe, ruzuku zipunguzwe, biashara iachiwe watu. Masharti hayo yalikuwa yametembea sana kabla ya kufika Ayalabe. Yalikwisha kulala Accra na Lusaka, yalikwisha kupanda milima ya Bolivia, na kila mahali yalizungumza kwa maneno yale yale, kama muuza dawa mwenye chupa moja kwa magonjwa yote. Yaliandikwa Washington, katika ofisi zenye mazulia, na watu ambao wengi wao hawakuwa na ubaya na mtu. Walitazama nchi kama fundi saa anavyotazama saa iliyosimama: hapa paregezwe, hapa pakazwe. Mshale wa saa hauulizwi.

“Wanatukopesha, lakini mpaka tufanye watakavyo,” Clemensi alieleza, mkono juu ya redio.

“Walituuliza?”

“Wamuulize nani? Wewe?”

“Mahindi ni ya nani?”

Clemensi alicheka, akaongeza sauti ya redio.

Na lazima isemwe kweli: mwanzoni ilikuwa kama mvua. Sukari ilirudi dukani, kisha sabuni, kisha mabati. Mwaka uliofuata vizuizi vya barabarani viliondolewa kabisa, na wenye malori wakaingia vijijini wakishindania magunia. Wa kwanza kufika Ayalabe alikuwa Valeriani, kijana wa Karatu aliyeanzia kwenye vitunguu vya Mang'ola, mwenye kofia ya kapelo na maneno matamu. Alimwita kila mwanamke shemeji. Clemensi alimuuzia sehemu kubwa ya mavuno, na kabla ya Krismasi nyumba ikawa na paa linalong'aa hadi kuumiza macho.

Marsela alifurahia paa. Jambo moja tu lilimkera. Valeriani alikuwa akisimamisha lori karibu na lango la hifadhi na kuwapimia wanawake wa Kimasai mahindi kwa debe lililobonyezwa kitako. Bei ilikuwa huru sasa, na mkono wa Valeriani ulikuwa huru zaidi. Mama mmoja aliona kondoo wake akiondoka kwa madebe ambayo hayakujaza hata gunia.

“Debe lako lina tumbo la ndani,” Marsela alimwambia mbele ya watu.

“Shemeji, hilo debe lilianguka tu.”

“Likaangukia kitako? Kila siku?”

Watu walicheka, Valeriani akacheka pia, na debe likabaki vile vile. Tangu siku hiyo Marsela alijiapiza kwamba yeye hatamlia Mmasai hata punje. Alianza kuuliza bei kila siku ya mnada: ya gunia, ya mbuzi, ya dume. Kichwa chake kilijaa bei.

Ndipo Nanyokie alipokuja. Mvua haikukaa vizuri upande wake, ng'ombe walikuwa wamepungua maziwa. Alisema ana shida ya mahindi, na Marsela akamjazia magunia mawili, kwa moyo wote. Nanyokie alikuwa pia amemleta mbuzi, beberu aliyehasiwa, mnene kama kochi. Alikuwa amesikia kwamba Lusia atapata kipaimara mwezi huo. “Msichana niliyemnyonyesha hawezi kula sherehe ya maharage,” alisema. Walikunywa chai, wakacheka, punda wakaondoka.

Marsela alibaki akimtazama mbuzi. Alipitisha mkono mgongoni mwake. Kwa bei ya mnada wa juzi, mbuzi yule alizidi magunia mawili, na alizidi kwa mbali. Aliingia ndani, akafungua pindo la kitenge alimoweka fedha, akatoka mbio. Aliwakuta punda barabarani, pale penye mti wa mkuyu.

“Pakine! Ngoja! Umeacha chenji yako!”

“Chenji gani?”

“Ya mbuzi. Mbuzi wamepanda, na magunia mawili hayamfikii.” Alikuwa akihema na kutabasamu. “Shika. Mimi si kama wale wa langoni.”

Nanyokie alizitazama noti. Alizipokea, akazikunja.

“Basi tumemalizana, Mama Lusia,” alisema, akawachapa punda.

Marsela alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kwaya. Alikuwa anakoroga ugali jioni ndipo mwiko uliposimama. Mama Lusia. Hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yule.

Kipaimara kilipita. Mbuzi aliliwa, akasifiwa. Krismasi ilipita. Nanyokie hakuja. Wanawake wengine wa Oloirobi walishuka na punda, wakanunua kwenye lori la Valeriani, wakapanda tena. Mmoja alisema Nanyokie naye hununua langoni, kwa debe lile lile, na halalamiki. Hilo lilimchoma Marsela kuliko lingine lolote. Kila punda alipopita alitoka nje, akajifanya anamwaga maji.

Siku ya mnada alimwona Seenoi, mke mwenza wa Nanyokie, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, akiuza ngozi.

“Seenoi, mwenzio mzima?”

“Mzima.”

“Mbona haji kwangu?”

“Aje kufanya nini? Ulimlipa.”

“Nilimrudishia haki yake!”

“Ndiyo. Ukamlipa.” Seenoi alitikisa kichwa. “Nyie Wambulu mnasali sana, halafu hamwelewi kitu. Mtu anakuletea mbuzi wa binti yako, wewe unamkimbiza barabarani na noti kama kondakta. Mtu akilipwa, mambo yameisha. Si ndiyo maana ya kulipa?”

Marsela alihisi uso ukiwaka. “Nimpelekee kitu, basi. Nimpelekee magunia matatu.”

“Peleka. Atauliza ni ya deni gani.”

“Sasa nifanye nini, dada?”

Seenoi alifunga ngozi zake taratibu, akimwacha ateseke kidogo. “Nenda ukaombe,” alisema mwisho. “Mtu anaomba kwa mtu wake. Lakini usimwendee na shida ya uongo. Atajua.”

Ilikuwa kazi rahisi kusikia na ngumu kutenda. Marsela alirudi nyumbani akaanza kutafuta shida. Aliangalia ghalani: mahindi. Chini ya kitanda: sabuni, mche mzima. Juu: mabati. Ng'ombe wanne, wawili wana maziwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa shida, na mwaka alioihitaji, Washington na Dar es Salaam walikuwa wameiondoa.

“Omba mbuzi,” Clemensi alishauri.

“Tunao.”

“Omba asali.”

“Nitakuwa na tamaa. Tamaa si shida.”

“Basi omba akupunguzie kichwa kigumu, hicho ndicho kilichokuzidi.”

Alimtupia ganda la ndizi. Lakini alilala vibaya, na alfajiri, akisali rozari yake, alijikuta akimwomba Mungu apungukiwe na kitu, kisha akaogopa akaomba kiwe kidogo.

Jibu liliingia na Clemensi, siku chache kabla ya kupanda. Alikuwa amekwenda ushirika kwa baiskeli kuchukua mbolea, na alirudi akiikokota baiskeli tupu. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia.

“Hatuiwezi,” alisema. “Bei imepanda, imepanda tena juu ya ile. Inanunuliwa kwa dola, shilingi imeshushwa, ruzuku nayo inapunguzwa. Karani anasema ni yale masharti. Wanatuachia bei ya mahindi kwa mkono huu, wanachukua kwa ule.”

“Kwa hiyo hatuna mbolea?”

“Hatuna.”

“Hata ya nusu shamba?”

“Nimekwambia hatuna! Lile shamba limezoea kulishwa kwa mfuko, bila mbolea litatoa mabua. Ng'ombe wanne watalisha robo eka.” Akamtazama. “Mama Lusia, mbona unafurahi?”

Marsela alikuwa ameshavaa gauni la kanisani.

Alipanda na gari lililokuwa likipeleka kabichi kwenye hoteli ya watalii ukingoni mwa kreta, akashuka Oloirobi katika ukungu mzito na baridi iliyopenya hadi meno. Nanyokie alikuwa akisiliba paa la nyumba yake kwa mavi mabichi ya ng'ombe, mikono hadi viwiko. Walisalimiana. Waliulizana habari za watoto, za mifugo, za mvua, kila kitu mahali pake, kwa adabu ya watu wasiojuana sana. Chai ililetwa. Seenoi alijipenyeza ndani, akakaa karibu na mlango, maana hakuwa tayari kusimuliwa.

“Nimekuja nina shida,” Marsela alisema.

Nanyokie hakuinua macho. “Shida gani? Nasikia una mabati. Nasikia yanaonekana kutoka huku juu.”

“Mabati hayaliwi. Shamba langu lina njaa. Mbolea ya dukani imetushinda, na ng'ombe wetu ni wanne tu. Nisipopata kitu cha kulisha udongo, msimu huu sina mahindi, si ya watoto wangu, si ya mtu mwingine. Naomba mavi ya ng'ombe.”

Moto ulipasuka. Kisha Seenoi akaanguka ubavu.

“Mavi! Mmbulu amepanda mlima kuomba mavi! Amevaa nguo ya kanisani!”

Nanyokie alijitahidi kukaza uso. Alitazama mikono yake iliyokauka samadi hadi viwikoni, akatazama gauni la Marsela, akashindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo, machozi yakamchirizika, na wanawake wa nyumba za jirani wakaja kuona nani amekufa.

“Pakine,” alisema alipopata pumzi, “hilo tunalo.”

Alimpeleka nyuma ya kilima kwenye boma la zamani, walilolihama kwa sababu samadi ilikuwa imewafikia magotini. Ilikuwa imekaa miaka, imekauka, laini na nyeusi kama unga wa kahawa, na juu yake majani ya kuwasha yalikuwa yameota marefu kuliko mtu. Marsela aliichota kwa mikono miwili, akainusa. Mama mkwe wake angelia kwa furaha.

“Kiasi gani?” Nanyokie aliuliza.

“Kinachonitosha.”

“Basi chota mpaka kitoshe.”

Kabla ya kulala Nanyokie alitoa kwenye majani ya paa zile noti, zimekunjwa vile vile, zimegeuka rangi kwa moshi. Hakuwa amezitumia. Hakujua zitumiwe kwa jambo gani. Walitazamana, Marsela akaona aibu upya. Mwisho Seenoi aliamua kesi: zilipelekwa duka la karibu, zikarudi zikiwa sukari, na boma lote likanywa chai tamu siku mbili, wageni, wachungaji, na mzee mmoja ambaye hakuambiwa sababu wala hakuiuliza.

Punda walishuka na magunia ya samadi. Langoni, askari wa zamu aliinua mkono.

“Mmebeba nini? Pembe? Ngozi? Asali?”

“Mavi,” Nanyokie alisema.

Askari alidhani anatukanwa. Alifungua gunia moja, akalifunga haraka. “Ya mnyama gani?”

“Ng'ombe.”

“Hakuna ya nyati humo? Ya nyati ni mali ya serikali.”

“Nyati ana boma?”

Alifikiri. Aliwazunguka punda. “Mimi nimefundishwa pembe, ngozi, mbao, asali,” alisema. “Habari ya mavi sijaambiwa. Piteni upesi kabla sijamuuliza mkubwa.”

Safari zilirudiwa mpaka mvua zilipofunga njia. Clemensi aliitia samadi kwa mikono yake, akinung'unika kwamba amerudishwa enzi za mama yake. Mama yake aliyekaa kivulini alisema enzi hizo hazikuwa na kasoro isipokuwa kumzaa yeye. Mahindi yaliota. Hayakuwa meusi kama ya mfuko, lakini yalisimama, na jua kali la mwezi wa pili lilipokausha mashamba ya jirani, udongo wa Marsela ulishika unyevu siku nyingi zaidi.

Valeriani aliliona shamba hilo kutoka juu ya lori. Alisimama.

“Shemeji, hii samadi unauziwa kwa bei gani?”

“Siuziwi.”

“Basi nikutanishe na huyo mama. Mimi nina lori, yeye ana mlima wa mavi, watu mbolea imewashinda. Unaona hiyo biashara?”

“Una shida, Valeriani?”

“Shida? Hapana, shemeji, mimi mzima. Ni biashara tu.”

“Basi hawezi kukusaidia,” Marsela alisema, akaendelea kupalilia.

Baada ya mavuno Nanyokie alishuka, akakaa jikoni, akanywa chai mpaka ikaisha. Akasema ana shida ya mahindi. Clemensi, aliyekuwa akitengeneza mpini mlangoni, alifungua mdomo kuuliza magunia mangapi. Mke wake alimpitia mbele na ufunguo wa ghala. Ndani, Nanyokie aliinua gunia kwa goti, akalipima.

“Zito mno. Punda wangu mzee huyu. Punguza.”

“Sipunguzi.”

“Punguza, Pakine, atakufa njiani.”

“Akifa njoo uniambie una shida ya punda,” Marsela alisema, akashika pembe moja ya gunia, na wakalitoa nje wakiendelea kubishana.